Upanga wa Jogoo Hukata Kuwili

Leo nitakupitisha Ujerumani, Uholanzi, Ziwa Natron na Serengeti, lakini safari yetu inaanzia karibu na nyumbani: sokoni, penye matenga ya kuku.

Nilikuwa kijana wa sekondari nilipotumwa kumsindikiza shangazi kununua jogoo wa kufuga. Matenga yalikuwa yameshushwa alfajiri kutoka Singida, na kuku walikuwa wakilalamika kama abiria waliosafiri wima usiku kucha. Muuzaji akamnyanyua jogoo mkubwa kuliko wote, akamtingisha kidogo ili tuuone uzito wake. "Mama, huyu ni mtaji," akasema. Shangazi hakuuliza bei. Alimshika jogoo kichwa, akautazama upanga, ile nyama nyekundu ya utosini ambayo kwingine huitwa undu. Akalitazama jicho. Akaigeuza miguu kuona kama magamba yake ni ya njano au yamepauka. Kisha akamrudisha tengani. "Huyu ana mwili, hana afya." Akachagua mwingine, mdogo kuliko yule kwa mbali, ila upanga wake ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva na jicho lake lilikuwa likituangalia kwa hasira.

Muuzaji alicheka, halafu akapandisha bei ya yule mdogo. Alikwisha kujua kuwa mteja wake anajua kusoma.

Kusoma, ndiyo. Maana alichokisoma shangazi pale ni cheti cha afya, na hakuwa msomaji wa kwanza. Tetea amekuwa akikisoma cheti hicho tangu enzi ambazo kuku walikuwa bado ni ndege wa msituni huko Asia. Swali la leo ni hili: kwa nini cheti hicho kinaaminika? Kwa nini jogoo mgonjwa hajivishi tu upanga mwekundu, akawadanganya matetea wote wa mtaa? Jibu limewachukua wanasayansi zaidi ya miaka 150 kulitafuta, na hadi leo bado wanalibishania.

Tuanze mwaka 1849, katika mji wa Göttingen, Ujerumani. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Arnold Berthold, alichukua mapora sita. Wewe unayefuga unajua pora ni nani: jogoo kijana ambaye sauti yake bado inakwaruza. Wawili kati yao aliwahasi kabisa. Hao walikua wanene na wapole. Hawakuwika kama majogoo, hawakupigana, hawakuwajali matetea, na upanga wao ulibaki mdogo, umepauka. Wanne waliobaki, kila mmoja alibakiziwa korodani moja iliyotenganishwa na mahali pake pa asili. Wawili walibaki na ya kwao wenyewe, wawili wakapandikizwa ya mwenzao tumboni. Hao wanne wote wakakua majogoo kamili: wakawika, wakapigana, wakawapanda matetea, na upanga ukasimama mwekundu.

Berthold alipowapasua akakuta ile korodani imejishikiza upya ndani ya tumbo na kuota mishipa ya damu, ilhali mishipa yake ya fahamu haikuwa imeungana tena. Akahitimisha kwamba korodani hutia kitu ndani ya damu, na damu ndiyo inayokipeleka kitu hicho hadi utosini. Kitu hicho leo tunakiita homoni, na hii ya jogoo inaitwa testosteroni. Ilitengwa ikiwa safi mwaka 1935, mjini Amsterdam. Kabla ya hapo, watafiti wa Chicago waliokuwa wakiisaka walikamua korodani za fahali kutoka machinjioni, wakamdunga jogoo aliyehasiwa maji yale, kisha wakapima upanga wake umeota kiasi gani. Upanga wa jogoo ndio uliokuwa mizani ya maabara.

Basi, msikilizaji, kumbuka jambo la kwanza: upanga ni ujumbe wa homoni. Wekundu wake ni damu inayopita chini ya ngozi nyembamba, na ukubwa wake huamriwa na testosteroni. Jogoo akihasiwa, upanga hunywea. Akiugua, hupauka. Mfugaji aliyewahi kupitiwa na kideri bandani hahitaji kufundishwa hili.

Sasa turuke hadi mwaka 1982. Katika jarida la Science, Mwingereza William Hamilton na Mmarekani Marlene Zuk walitoa hoja iliyowashtua wengi. Walisema vita kati ya mnyama na vimelea vyake havina mwisho. Minyoo, viroboto na vijidudu vya damu hubadilika kila kizazi, na mwili nao hubadilisha silaha. Kwa hiyo jike anayetafuta baba wa watoto wake hana swali kubwa kuliko hili: huyu dume anashindana vipi na maradhi ya sasa? Na kwa kuwa hana darubini wala maabara, hutazama kile ambacho ugonjwa hukiharibu upesi, yaani rangi, manyoya, sauti, uchangamfu. Pambo ni dirisha la kuchungulia damu.

Hamilton mwenyewe aliishi na kufa karibu na mambo hayo. Mwanzoni mwa mwaka 2000 alikwenda Kongo kutafuta ushahidi juu ya chimbuko la virusi vya UKIMWI. Alirudi London akiwa na malaria, akafariki mwezi Machi mwaka huo baada ya kuvuja damu tumboni. Mtu aliyetumia miaka akifikiria vimelea alirudi kutoka safari yake ya mwisho amebeba kimelea.

Mwenzake, Marlene Zuk, aliipeleka hoja yao kwa kuku. Yeye na wenzake waliwachukua kuku-mwitu wekundu, jamii iliyowazaa kuku wetu wa kienyeji, wakawaambukiza baadhi ya vifaranga minyoo ya tumbo, ile mirefu myeupe unayoikuta ukimpasua kuku asiyepewa dawa. Vifaranga walipokuwa majogoo, wenye minyoo walikuwa na upanga mfupi zaidi na macho yaliyofifia. Matetea walipopewa nafasi ya kuchagua, waliwapendelea wale wasio na minyoo. Na minyoo haikuuharibu mwili wote sawasawa: iliyagusa zaidi mapambo yaleyale ambayo matetea huyatazama. Upanga na jicho, msikilizaji. Shangazi yangu alianzia wapi pale sokoni?

Lakini bado hatujajibu swali letu. Tumeona kwamba ugonjwa hupausha upanga. Je, ni nini kinachomzuia jogoo dhaifu asiongeze homoni kidogo tu, upanga ukasimama, akapata wake, halafu lije la kuja?

Mwaka 1975, mtafiti wa Israeli aitwaye Amotz Zahavi alitoa jibu ambalo mwanzoni lilichekwa. Alisema pambo huaminika kwa sababu ni mzigo. Anayeweza kuubeba mzigo na bado akasimama ndiye mwenye nguvu kweli. Lakini mzigo wenyewe ni upi? Mwaka 1992, Ivar Folstad na Andrew Karter waliutaja: ni kinga ya mwili. Walisema testosteroni hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa mkono mmoja hukuza upanga, huongeza kuwika na ugomvi. Kwa mkono wa pili huwashusha askari wa mwili kutoka kwenye ngome. Kwa hiyo jogoo mwenye upanga mkubwa ni kama mtu anayelala mlango wazi mtaa wenye wezi. Ama ana mbwa wakali ndani, ama ni mjinga, na mjinga hafiki asubuhi.

Hapo ndipo lugha yetu inaponichekesha. Waliouita upanga hawakujua habari za testosteroni, lakini walipatia. Huu ni upanga ukatao kuwili: upande mmoja humkata mshindani, upande wa pili humkata mwenyewe.

Ushahidi wa makali hayo ya pili ulikuja mwaka 1999 kutoka Uholanzi. Huko walikuwa na koo mbili za kuku zilizozalishwa kwa makusudi, kizazi baada ya kizazi. Kuku walidungwa chembe za damu ya kondoo, kitu kisicho ugonjwa lakini ambacho mwili hukiona kuwa ni mgeni, kisha ikapimwa kingamwili wanayoitengeneza. Katika ukoo mmoja wakachaguliwa wale wenye kinga kali tu, na katika ukoo wa pili wale wenye kinga hafifu. Watafiti walipokuja kuwatazama majogoo wa koo hizo, nani unadhani walikuwa na upanga mkubwa zaidi na testosteroni nyingi zaidi? Ni wale wa kinga hafifu.

Najua unachowaza sasa. Unasema, bwana wee, unajipinga mwenyewe. Dakika tano zilizopita upanga mkubwa ulikuwa dalili ya afya, sasa umekuwa dalili ya kinga ndogo. Basi shangazi alikosea?

Hakukosea. Fikiria wafanyakazi wawili wenye mshahara sawa. Mmoja ananunua suti kila mwezi, mwingine anaweka akiba. Kati ya hao wawili, mwenye suti nyingi ndiye mwenye akiba ndogo, hilo halina ubishi. Sasa toka nje ya ofisi yao, nenda mjini, kwenye watu wa mishahara tofauti. Huko utamkuta mwenye suti nzuri, nyumba nzuri na akiba juu yake, na utamkuta asiye na suti wala akiba. Mjini, suti na akiba huenda pamoja, kwa sababu mifuko haikulingana tangu mwanzo. Wale kuku wa Uholanzi ni wafanyakazi wa mshahara mmoja: walilishwa sawa, wakatunzwa sawa, na binadamu akawalazimisha kugawa kidogo walichonacho huku au kule. Kuku wa tenga la sokoni ni watu wa mjini. Mmoja amekua na minyoo, mwingine hana. Mmoja amepona ndui, mwingine hakuipata kabisa. Anayemudu kuwa na upanga mwekundu katika mazingira hayo ni yule mwenye mfuko mnene. Ndiyo maana cheti kinasomeka sokoni hata kama ndani ya mwili wa kila jogoo upanga na kinga vinanyang'anyana chakula.

Hapo ndipo ulipo moyo wa mazungumzo yetu ya leo. Rangi inaaminika kwa sababu inalipiwa kutoka mfuko uleule unaolipia uhai.

Tuondoke kwenye damu, twende kwenye rangi ya pili. Vunja yai la kuku wa kienyeji anayezurura na kudonoa majani, kisha vunja la kuku anayelishwa mahindi meupe bila majani. Kiini cha kwanza ni cha njano iliyokolea, cha pili kimepauka. Rangi hiyo inaitwa karotenoidi. Ndiyo iliyomo kwenye karoti, papai, embe, mahindi ya njano, na mawese ya Kigoma. Imo hata kwenye mchicha, imejificha nyuma ya ukijani. Ndege na samaki hawawezi kujitengenezea rangi hii, lazima waile. Na mwilini haikai kama pambo tu. Baadhi ya karotenoidi hugeuzwa kuwa vitamini A, na kwa muda mrefu wanasayansi wameamini kwamba huwasaidia pia askari wa kinga na kuzuia uharibifu unaoletwa na mabaki makali ya hewa ya oksijeni ndani ya chembe za mwili.

Wafugaji wazoefu huisoma rangi hii miguuni. Tetea mwenye miguu ya njano akianza kutaga mfululizo, miguu na mdomo wake hupauka polepole, kwa sababu njano yote inakwenda kwenye viini vya mayai. Akipumzika kutaga, njano hurudi. Na akipatwa na koksidia, ule ugonjwa wa kuhara damu, utumbo hushindwa kuifyonza rangi hata kama chakula kimejaa kihorini. Mguu wa kuku ni daftari la matumizi, na shangazi hakuigeuza miguu bure.

Mwaka 2003, toleo moja la jarida la Science lilibeba majaribio mawili yaliyokaa kama ndugu pacha. Ufaransa, watafiti waliwadunga ndege weusi wenye mdomo wa rangi ya chungwa zilezile chembe za damu ya kondoo. Hawakuwa wagonjwa, ila mwili wao uliingia vitani. Katika wiki chache, mdomo ukafifia. Uingereza, wengine waliwapa ndege wadogo waitwao zebra finch maji yenye karotenoidi. Mdomo ukawa mwekundu zaidi, majike wakavutiwa zaidi, na kinga ikapimwa ikaonekana ina nguvu zaidi. Ukitia akiba kwenye mfuko, suti inang'aa. Ukiiita akiba hiyo vitani, suti inachakaa.

Kuna jaribio la samaki ambalo nalipenda kuliko yote kwa ujanja wake. Manfred Milinski na Theo Bakker, mwaka 1990, walifanya kazi na samaki mdogo wa Ulaya ambaye dume lake huwa na koo jekundu wakati wa kuzaliana. Waliyaambukiza madume kadhaa vimelea vya ngozi, wekundu ukapungua, majike wakaacha kuyapenda. Ila huenda majike walikuwa wakisikia harufu ya ugonjwa, au kuona ulegevu? Watafiti wakabadilisha taa, wakawasha ya kijani ambayo wekundu hauonekani ndani yake. Majike wakashindwa kabisa kumtofautisha mzima na mgonjwa. Ilikuwa rangi, na rangi peke yake.

Kwetu, kitabu kikubwa kuliko vyote cha karotenoidi kimefunguliwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani, wale wengi wetu tunaowaita flamingo, huanguliwa katika ziwa hilo la magadi. Kifaranga hutoka na manyoya ya kijivu. Uwaridi wake huupata miaka inavyokwenda, kutokana na viumbe vidogo mno vya majini ambavyo yeye huchuja kwa mdomo wake uliopinda. Heroe wa bustani za wanyama za Ulaya wasipochanganyiwa rangi kwenye chakula hupauka kama kanga iliyofuliwa mara mia. Na heroe mzazi humlisha mtoto maziwa mekundu yanayotoka kooni mwake, yaliyojaa rangi ileile, na yeye mwenyewe hufifia kadiri mtoto anavyokua. Huko Hispania, watafiti wamegundua kwamba heroe wakubwa hata hujipodoa: hujisugua shavu kwenye tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia, kisha hupaka mafuta hayo yenye karotenoidi shingoni na mgongoni. Hufanya hivyo zaidi msimu wa kutafuta wenza. Wakishapata watoto, vipodozi huachwa. Nadhani wazazi wanaonisikiliza wamenielewa.

Rangi ya tatu ni melanini, weusi na hudhurungi, ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Mtu angedhani rangi ya kujitengenezea haina gharama. Waulize simba wa Serengeti.

Mwaka 2002, Peyton West na Craig Packer walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya manyoya ya shingo ya simba dume. Walitengenezewa Uholanzi simba wa bandia wenye ukubwa wa simba halisi, wakawavisha manyoya ya namna mbalimbali, mafupi na marefu, meusi na ya rangi ya majani makavu, wakawaweka porini, wakasubiri. Majike waliwaendea wenye manyoya meusi. Madume wageni waliwaepuka haohao. Vipimo vya simba halisi vikaeleza sababu: simba mwenye manyoya meusi alikuwa na testosteroni nyingi zaidi, ameshiba zaidi, na akijeruhiwa alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. Jeraha la simba, msikilizaji, halifungwi bendeji. Linafungwa na kinga yake. Lakini nguo nyeusi kwenye jua la Serengeti ina bei yake. Simba hao walikuwa na joto zaidi mwilini, mbegu zao nyingi zaidi zilikuwa na kasoro, na miezi ya joto walikula kidogo. Upanga mwingine huo, makali yaleyale mawili.

Hata bundi yumo, yule tunayemfukuza paani usiku tukidhani ameleta habari mbaya. Uswisi, Alexandre Roulin ameonyesha kwamba bundi jike mwenye madoa meusi makubwa kifuani huzaa watoto wenye kingamwili kali zaidi, na madume huwapendelea majike wa namna hiyo. Kumbe kuchagua si kazi ya jike peke yake, na kujipamba si kazi ya dume peke yake. Na bundi, badala ya kuleta kifo, amebeba kifuani habari za afya.

Mpaka hapa hadithi imenyooka. Ninao wajibu wa kukupa na mikunjo yake.

Mkunjo wa kwanza ni homoni. Ndege wengi wamedungwa testosteroni ili kuona kama kinga itashuka. Kwa baadhi imeshuka, kwa baadhi haikutikisika. Ile picha ya askari kushushwa ngomeni ni sahihi kwa sehemu, si kwa kila mnyama na kila aina ya askari.

Mkunjo wa pili ni karotenoidi. Geoffrey Hill wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, amewachunguza kwa miaka mingi ndege wadogo waitwao house finch, ambao kidevu na kifua cha dume huwa chekundu. Mwaka 1994 ndege hao walizukiwa na ugonjwa wa macho uliowaua kwa wingi. Madume yaliyokolea wekundu ndiyo yaliyopona upesi yalipoambukizwa. Safi kabisa. Lakini mwaka 2018, Hill huyohuyo na wenzake waliwachunguza chiriku weupe wa kufugwa ambao, kwa kasoro ya jeni moja, karibu hawana karotenoidi mwilini. Kama rangi hiyo ni risasi za askari, chiriku hao wangekuwa uchi mbele ya maradhi. Haikuwa hivyo. Walijikinga sawa na wenzao wa njano. Sasa Hill anasema huenda rangi si risasi bali ni kipimo: mwili wenye mitambo mizuri ndani ya chembe zake huweza kwa urahisi kuigeuza njano ya chakula kuwa nyekundu, na mitambo hiyohiyo ndiyo inayoendesha kinga. Taa ya gari ikififia, tatizo halikuanzia kwenye taa.

Mkunjo wa tatu ameuleta mtu tunayemjua na kumlaani: kweleakwelea, mla mtama na mpunga wetu. Madume yake hutofautiana mno kwa rangi za uso na kifua, na mtu angeapa kwamba mwekundu zaidi ndiye mwenye afya zaidi. James Dale aliwachunguza Zimbabwe, akatangaza mwaka 2000 kwamba manyoya yale hayasemi lolote juu ya ubora wa dume. Katika kundi la maelfu kwa maelfu, yanafanya kazi ya kitambulisho: yanasema huyu ni nani, basi. Si kila vazi jekundu ni cheti cha daktari.

Na kabla hujanipigia simu, binadamu usimtie kwenye mizani hii. Ukila karoti nyingi mno viganja vyako vitageuka njano, na hapo nami nimemaliza. Uzuri wa watu una sabuni, mafuta, mila na macho ya mpenda ndani yake. Hauchunguziki tengani.

Nirudi kwa shangazi, nifunge. Yule jogoo mdogo aliyemnunua aliishi miaka, akalijaza banda. Kila ilipokaribia sikukuu, wageni walimtaka. Kila mara shangazi alikataa, akatoa mwingine. Wakati ule niliona ni uchoyo.

Leo naona tofauti, kwa sababu nimetazama tunavyofanya wengi wetu. Iddi ikija, au Krismasi, tunaingia bandani tunatafuta jogoo gani? Yule mwenye upanga mwekundu, jicho kali, miguu ya njano. Huyo ndiye wa kuchinja, huyo ndiye wa kuuza kwa bei. Anayebaki kuwapanda matetea ni yule aliyepauka, ambaye mnunuzi alimrudisha. Tetea humchagua jogoo bora awe baba wa watoto wake, sisi tunamchagua jogoo bora awe mchuzi. Mwaka baada ya mwaka tunakula kinga ya banda letu, halafu tunashangaa vifaranga kufa.

Kwa hiyo, msikilizaji mfugaji, ombi langu ni dogo. Wape kuku wako dawa ya minyoo, na uwachanje kideri kila baada ya miezi mitatu, kwa maana upanga ukishapauka, habari zimekufikia zimechelewa. Na sikukuu ijayo, ukiingia bandani na kisu, mtafute yule ambaye shangazi angemwacha tengani. Mwenye upanga mwekundu kuliko wote, mwache awike.